Maneno yetu ndani ya karata za wageni

Mvua ya Londiani haiulizi mwezi. Yaweza kunyesha Desemba, wakati watu wa Nakuru wanalalamikia vumbi, na ikianza jioni hakuna atokaye nje isipokuwa yule ambaye ng'ombe wake hajarudi. Ndiyo maana jioni nyingi za hapa kwetu ni za karata. Moto unakolezwa jikoni, sufuria ya chai inawekwa mekoni, na vijana wanaizunguka meza ndogo wakicheza kadi mpaka mama yangu aseme kuni zimekwisha, hata kama hazijaisha.

Desemba iliyopita meza hiyo ilipata mgeni. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka 15 aliyezaliwa na kulelewa Minnesota, Marekani. Alikuja kukaa nasi majuma matatu ili, kama alivyosema dada yangu kwa simu, amjue nyanya yake kabla mmoja wao hajabadilika sana. Shida ilikuwa moja. Mvulana anajua Kiingereza peke yake, na mama yangu ana Kipsigis pamoja na Kiswahili kidogo cha sokoni. Siku tatu za kwanza walikaa pamoja jikoni wakitabasamiana kama abiria wawili wanaongojea gari moshi lililochelewa.

Siku ya nne mvua ilinyesha kutwa. Mvulana akafungua begi lake akatoa sanduku la karata.

Lazima kwanza niueleze mchezo wetu wa kadi, kwa ajili ya msomaji asiyeujua, ingawa hapa Kenya msomaji wa namna hiyo si rahisi kumpata. Kila mtu hupewa karata chache. Unaweka chini karata inayolingana na iliyoko juu, kwa alama au kwa namba. Ukiweka 2, jirani yako anaokota mbili. Ukiweka 3 anaokota tatu. Joker humwokotesha tano. J humruka mtu, K huurudisha mchezo ulikotoka, 8 na Q huuliza swali ambalo lazima lijibiwe, nayo A hubadilisha alama au humwokoa mtu na adhabu. Anayekaribia kumaliza sharti atangaze, "Niko kadi!", na akisahau hana budi kuvumilia atakalotendewa. Tena hairuhusiwi kumaliza kwa karata yenye nguvu. Hizo ndizo sheria za nyumbani kwangu. Ukivuka barabara utakuta nyingine, na kila nyumba itakuapia kwamba za kwake ndizo za asili.

Lakini ya asili ni zipi? Hizo joker mbili, kwa mfano, hazikuwamo katika karata tangu mwanzo. Zilizuliwa Marekani katika miaka ya 1860 hivi kwa ajili ya mchezo uitwao euchre, zikatiwa ndani ya pakiti, na leo ziko katika kila pakiti inayouzwa dukani. Mtu aliongeza karata, na mchezo mzima ukalazimika kusogea ili kuipa nafasi. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo, kwa sababu sanduku la mpwa wangu lilikuwa limejaa nyongeza za namna hiyo.

SANDUKU LAFUNGULIWA

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka Agosti 1993, na aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hesabu. Kampuni iliyoutoa, Wizards of the Coast, iko katika jimbo la Washington. Kila mchezaji hujifanya mchawi mwenye uhai wa 20, naye humtuma mwenzake mazimwi, majoka, radi na moto mpaka uhai wa mmoja wao uishe.

Kinachoufanya uwe tofauti na karata tulizozizoea ni kwamba wachezaji hawatumii pakiti moja. Kila mtu huja na yake aliyoijenga mwenyewe. Huchagua karata zisizopungua 60 kutoka kwa maelfu yaliyokwisha kuchapishwa, wala haruhusiwi kutia zaidi ya nne zenye jina moja, isipokuwa zile za ardhi za msingi. Nusu ya mchezo, basi, huchezwa usiku peke yako, kama kocha anayepanga timu kitandani. Karata hizo za ardhi ya msingi ni za aina tano, yaani tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu, na kutoka humo ndimo hutoka nguvu za kuwalipia hao mazimwi. Wanangu walipoelezwa hivyo walisema Londiani ingefanya vyema. Mlima tunao, kinamasi tunacho, nao msitu ni mkubwa kiasi kwamba serikali ilijenga chuo cha misitu papa hapa mwaka 1957. Kisiwa tu ndicho tungelazimika kuazima kutoka Kisumu.

Sasa, nyongeza. Mchezo ulikuwa haujafikisha miezi sita ulipopata ya kwanza, Desemba 1993. Iliitwa Arabian Nights, na watu wa Kiswahili hadithi zile wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Ali Baba yumo, Aladdin yumo, Sindbad yumo. Na hapo pana kisa ambacho mpwa wangu alikisimulia kwa heshima, kama mzee asimuliavyo habari za vita. Kampuni ilikuwa imekusudia kuichapa nyongeza hiyo kwa mgongo wa rangi nyingine. Wachezaji wa karibu wakapinga, wakisema karata ikiwa na mgongo wake peke yake haitachanganyika. Utaiona ikija ingali juu ya rundo, nawe utajua ni ipi. Kampuni ikakubali, na tangu siku hiyo karata za kawaida za mchezo huu, za zamani na za sasa, zina mgongo mmoja. Uso ni wowote utakao.

EKUNDU ISIYO NYEKUNDU

Mpwa wangu alinipa moja ya jozi zake nicheze. Karata ya kwanza niliyookota ilikuwa na picha ya mnyama mwenye mwili wa simba, kichwa na mabawa ya tai. Juu yake pameandikwa: Ekundu Griffin.

Nikasoma tena. Nikavaa miwani, nikasoma mara ya tatu.

"Hili neno umelitoa wapi?" nikamwuliza.

"Ni jina la mahali, Mjomba," akajibu. "Mahali ndani ya mchezo."

Nikamwambia si mahali, ni rangi. Tena si rangi kamili, ni kiungo cha neno. Sisi tuna kitambaa chekundu, udongo mwekundu, nyumba nyekundu, macho mekundu. Ekundu pekee ni mkia uliosahauliwa na ng'ombe wake. Binti yangu akaichukua ile karata, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akauliza swali lililotuangusha kwa kicheko. Katika mchezo huu kuna karata nyeupe, za samawati, nyeusi, nyekundu na za kijani. Huyu Ekundu ni wa rangi gani? Alikuwa mweupe.

Tukaacha kucheza, tukalimwaga sanduku zima mezani. Alizipewa karata hizo na jirani yao, mtu mzima aliyezinunua alipokuwa kijana na sasa amechoka kuzihamisha kila anapohama. Nyingi zilitoka katika nyongeza iitwayo Mirage, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali. (Kwetu Londiani ni lazima uyasikie kwa watu.) Mirage ilitoka Oktoba 1996 ikiwa na karata 350, na alama yake ni mti wa jamii ya mnazi. Mwaka 1997 ikafuatiwa na Visions mwezi wa Februari na Weatherlight mwezi wa Juni. Sehemu kubwa ya habari zake hutokea Jamuraa, bara la kubuni lililofinyangwa kwa mfano wa Afrika na kutiwa viungo vya Uarabuni. Kuna madola matatu, Zhalfir, Femeref na Suq'Ata, na kuna mchawi mwovu Kaervek aliyemfungia mwenzake Mangara ndani ya kaharabu.

Na majina! Mtenda Lion, Mtenda Herder, Mtenda Griffin: kina Mtenda watatu, na hakuna anayesema wametenda nini. Sidar Jabari, mpiganaji wa farasi. Rashida, mwanamke anayeua majoka, na kila aliuapo moja hupata uhai kwa kadiri ya nguvu zake. Hakim, mwenye ilimu. Teferi, mchawi mkubwa, ambaye jina lake ni la Kihabeshi. Ndilo alilokuwa nalo Haile Selassie kabla ya kutawazwa mwaka 1930. Kuna msitu uitwao Mwonvuli, nami naapa aliyeuita hivyo alikuwa amesikia neno mwamvuli kupitia ukutani. Kuna Zuberi mwenye unyoya wa dhahabu. Kina Zuberi ninaowajua mimi ni watu wa pwani, wapole, wapenda kahawa. Huyu ana mdomo wa tai, na kila mnyama wa aina yake akiwa karibu naye huongezeka nguvu.

Chini ya karata nyingine pameandikwa misemo inayodaiwa kuwa ya watu wa Femeref au wa Suq'Ata. Niliitazama nikawaza kanga: picha juu, maneno chini, na mwenye kuelewa aelewe.

Nakiri kwamba nilikasirika. Sikupenda kuona maneno ya watu yakiokotwa kama kuni za kando ya njia, bila kuuliza mti ni wa nani. Mpwa wangu akaniangalia kwa wasiwasi, akidhani nitazitia motoni. Nikamwambia aendelee kunionyesha, na kadiri alivyozidi kunionyesha hasira ilipata mambo ya kufikiri. Maana watu weusi katika karata hizo ni makamanda, waamuzi, wachawi wenye vitabu, watawala wenye miji. Mwaka 1996, katika hadithi za majoka na mapanga zilizotungwa Marekani, jambo hilo halikuwa la kila siku. Waliotunga walitaka kutuheshimu. Walikosa tu mtu wa kuwaambia kwamba ekundu inahitaji kichwa.

Tena kuna jambo lililonifunga mdomo kabisa, nalo lilikuwa pale pale mezani, katika pakiti ya karata zetu wenyewe.

MZUNGU WA NNE

Karata, neno lenyewe, ni la Kireno. Alama zake nne kwa Kiswahili ni kopa, uru, shupaza na pau. Mreno husema copas, ouros, espadas, paus. Ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni fimbo. Mswahili hakuyataka hayo. Aliyachukua maneno kwa sauti, akaacha maana zake zirudi Lisbon kwa jahazi. Je, tulimwuliza Mreno?

Tena yapo makubwa zaidi. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatuambia kwamba malkia wa karata aliitwa mzungu wa pili, J aliitwa mzungu wa tatu, na mfalme mzungu wa nne. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini malkia awekwe chini ya kijana wake, mpaka niliposoma juu ya mchezo wa Kireno uitwao sueca. Humo malkia huhesabiwa alama mbili, J tatu, mfalme nne, saba kumi, na A kumi na moja. Jumla ya alama ni 120, na ukipata 61 umeshinda. Basi mzungu wa nne ni mzungu wa alama nne! Mabaharia walikuja na mchezo wao, watu wa pwani wakawatazama wale wenye taji kwenye karata, wakaona wote ni Wazungu tu, wakawapa majina kwa bei zao kama mtu apangavyo samaki.

Na tukumbuke walikuja vipi. Waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, wakatolewa humo na Waomani mwaka 1698. Walijenga magereza na bendera wakapeperusha, nayo maneno gereza na bendera yote mawili ni yao. Ngome ikabaki ukuta. Lakini kopa na shupaza zilitoka pwani zikapanda bara, na wengi wanaozitaja hawana habari kwamba ni Kireno.

Hapo ndipo nilipojua ninachokidai kwa hao watu wa Mirage. Kuchukua neno si kosa. Kiswahili kisingekuwapo kama lingekuwa kosa. Neno lililochukuliwa linapaswa kufanya kazi huko liendako. Sisi tunasema meza yangu, meza zangu, mezani, limeolewa, limezaa. Ekundu na Mtenda wamesimama tu pale juu ya karata kama sanamu kwenye mlango wa hoteli. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwelezea mpwa wangu, kwa ufasaha wangu wote, alipoinua karata nyingine akauliza, "Na Shauku, Mjomba? Shauku ni nini?"

SHAUKU

Shauku, Endbringer, yaani Shauku Mleta Mwisho. Ni mnyonya damu, karata nyeusi ya bei kubwa, mwenye nguvu 5 na ustahimilivu 5, tena anaruka. Lakini sheria zake ni za ajabu. Hawezi kushambulia maadamu kuna kiumbe mwingine yeyote uwanjani. Kila zamu yake ikianza, mwenye kumiliki Shauku hupoteza uhai wa 3. Na akipumzishwa kidogo kwa kulazwa upande, humfuta kiumbe mmoja duniani na kuongezeka nguvu.

Niliisoma nikanyamaza. Sijui kama aliyempa jina alijua anachokifanya, au alikuwa akifunua kamusi kwa kidole. Hili neno lilikuwa limefika mahali pake.

Nikamweleza mvulana kwamba shauku ni hamu iliyokomaa. Ni ile inayokufanya uangalie njia ilhali hukumwalika mtu. Akaniambia, "Ndiyo maana inamla mwenyewe." Nikasema ndiyo. "Na ndiyo maana haitaki mwingine uwanjani." Nikasema ndiyo, nikashangaa kidogo, kwa kuwa nimewahi kumfundisha mtu mzima neno hilo kwa saa nzima asilipate.

Akageuka akamtazama nyanya yake, aliyekuwa akipepeta maharagwe kando ya moto. Akataka nimwulize kama naye ana shauku.

Mama hakulijua neno. Nikamgeuzia kwa Kipsigis, nikamweleza na ile karata, jinsi inavyomla mwenyewe tatu tatu kila kunapokucha. Akaiomba aione. Akaishika mbali na macho, akamtazama yule mnyonya damu kwa muda, akasema ya kwake ina miaka 15 na imekula zaidi ya tatu. Nikamtafsiria mvulana. Hakusema kitu. Alihamisha kigoda chake akakaa karibu na ungo, akaanza kuchambua maharagwe, vibaya sana, mawe akiyaacha na maharagwe akiyatupa.

CHEMOSIT

Kuanzia jioni ile mchezo ulibadilika. Wanangu walisema kama wageni wanaweza kujitengenezea Afrika ya karata, sisi tunashindwa na nini kutengeneza ya Londiani? Mji huu ni wa stesheni. Reli ilipita hapa mwanzoni mwa karne ya 20 ikielekea Kisumu, na kabla njia ya Eldoret haijafika huko mwaka 1924, waendao Uasin Gishu walishuka hapa wakaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji wa namna hiyo umezoea kupokea. Safari hii watoto walitaka kupeleka.

Wakakubaliana wamchore Chemosit. Kwa msomaji asiye wa kwetu, Chemosit ni zimwi la Wakipsigis na Wanandi. Ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, hutembea kwa kuegemea gongo kama mkuki, ana matako tisa, na kinywa chake ni chekundu, hung'aa usiku kama taa. Mwingereza A. C. Hollis aliziandika habari zake katika kitabu chake juu ya Wanandi, kilichotoka mwaka 1909, lakini sisi tuliokulia kando ya msitu hatukuhitaji kitabu.

Palikuwa na ule mkasa wa mgongo. Karata iliyochorwa kwa mkono haina mgongo wa kampuni. Itajulikana ikingali kwenye rundo. Binti yangu ndiye aliyegundua dawa. Mpwa wangu, kama wachezaji wengi, huzivika karata zake vifuko vya plastiki ili zisichakae, na vifuko vyake vilikuwa na mgongo mweusi usiopenya mwanga. Basi ilitosha kukata kipande cha boksi la majani ya chai kwa kipimo, kumchora Chemosit juu yake, na kukitia ndani ya kifuko pamoja na karata moja ya kawaida ili kisilegee. Akawekwa katikati ya Mtenda na Zuberi, rundo likachanganywa, na hakuna aliyeweza kumtambua.

Sheria zake zilichukua jioni mbili. Mvulana alisema awe mweusi, maana ni mwovu. Mama akasema hapana, na kile kinywa je? Kwa kuwa mchezo unaruhusu karata za rangi mbili, akawa mweusi na mwekundu. (Mwekundu, nikasisitiza, mwenye kichwa.) Kila kiumbe ana namba mbili, nguvu ya kupiga na ustahimilivu, na hapo vijana walibishana mpaka mwanangu mdogo alipouliza kwa nini tunajisumbua: mguu mmoja, matako tisa. Ikaandikwa 1 na 9. Tulicheka hata jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini.

Iliyobaki ni kazi yake hasa, na hapo hakuna aliyethubutu kuamua ila mama. Alisimulia kama alivyotusimulia sisi, polepole, akingoja nitafsiri. Chemosit hapigani. Huimba. Usiku huenda karibu na nyumba zenye watoto akaimba wimbo, nao wakiusikia na kuiona ile taa nyekundu hudhani pana ngoma, wakatoka. Waliotoka ndio wanaoliwa. Waliobaki ndani hawapati kitu.

Mvulana alifikiri, akaandika chini ya picha kwa Kiingereza, na binti yangu akaandika kwa Kiswahili chini yake. Kiumbe aliyetoka kushambulia, Chemosit humwita akawa wake. Aliyebaki nyumbani haitwi. Wakacheza hivyo majuma mawili. Niliwasikia usiku wakisema kwa lugha tatu, "Usimtoe huyo, Chemosit yuko nje," na mpwa wangu akimwita nyanya yake "kogo" kila palipotokea ubishi, naye kogo akihukumu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Alihukumu ovyo mara nyingine. Nadhani alimpendelea mgeni.

Januari mvulana akarudi kwao na Chemosit wake. Sanduku lililobaki alituachia sisi, isipokuwa Shauku, ambaye nilidhani atatuachia na hakutuachia.

Majuma machache baadaye simu ililia jioni, wakati mahindi yakipukuchuliwa. Marafiki zake wa Minnesota walikuwa wameleta kesi. Walisema Chemosit ana nguvu kupita kiasi, nao wakataka kujua inakuwaje viumbe wawili wakitoka pamoja. Nikamwuliza mama. Akafikiri, kisha akauliza kama walikuwa wameshikana mikono.

Nikalipeleka swali Marekani. Kukawa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu mvulana akasema kwamba ipo sheria ya zamani, isiyochapwa tena kwenye karata mpya, inayowaruhusu viumbe fulani kutoka kwa kundi na kupigana kama mmoja. Katika Mirage tembo mmoja anayo.

Nikamweleza mama habari ya tembo. Akasema basi tembo na awapeleke, lakini warudi kabla ya giza.